Ujuzi wa motari hupimwa anaposimama

Katika Majengo, mtaa wa komine ya Karisimbi mjini Goma, kijana anayetaka kuwa motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, kwa kawaida haanzii shule ya udereva. Anaanzia kwa kaka au rafiki mwenye pikipiki. Jioni wanatafuta njia isiyo na watu, anaonyeshwa kuwasha, kuachia klachi taratibu, kubadilisha gia na kukata kona. Akiweza kwenda na kurudi bila kuzima injini, wenzake wanasema amejua. Haichukui muda yuko kituoni, anaita wateja.

Njia hii ina faida zake. Imewapa mkate vijana wengi katika mji ambao vita na volkano vimeufungia milango mingi ya ajira, na inaufundisha mkono haraka. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa: kijana huyu hajawahi kufunga breki kwa ghafla akiwa na mtu mgongoni. Mara ya kwanza atakapofanya hivyo, mwalimu hayupo, na anayeumia ni abiria aliyelipa nauli.

Kuendesha pikipiki na kubeba abiria ni kazi mbili. Ya pili ina hatua tatu: kumpandisha, kumsafirisha na kumshusha. Mafunzo ya mtaani yanagusa nusu tu ya hatua ya pili. Tuanze na kumsafirisha.

Uzito unavyobadilisha breki

Pikipiki nyingi za kazi mjini Goma, kama Bajaj Boxer na TVS, zina uzito unaozidi kidogo kilo 100. Abiria wa kilo 70 akipanda, ameongeza zaidi ya nusu ya uzito wa chombo chenyewe, na karibu wote unakaa juu ya gurudumu la nyuma. Gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unalegea, na kona iliyozoeleka inapanuka.

Wanafunzi wengi wanaogopa breki ya mbele kwa sababu wamesikia inaangusha, wakabaki na ya mguu peke yake. Juu ya barabara ya Goma hilo ni hatari maradufu. Njia nyingi za ndani ya mtaa ni changarawe nyeusi ya lava, nyepesi na yenye makali. Mguu ukikanyaga kwa nguvu, gurudumu la nyuma linajifunga, linateleza, na pikipiki inalala ubavu na abiria wake. Tena breki za ngoma, ambazo pikipiki nyingi za bei nafuu zinazo, hupungua nguvu zikiingiwa na maji, na Goma ni mji wa mvua kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Namna sahihi ni kutumia breki zote mbili kwa pamoja, pikipiki ikiwa wima, kwa kuzikaza polepole kisha kuongeza nguvu. Mwendo unapunguzwa kabla ya kona, kwa kuwa ndani ya kona tairi tayari ina kazi ya kukamata njia. Na baada ya kupita dimbwi, motari anazigusa breki kidogo mara mbili tatu ili zikauke kabla hajazihitaji. Haya hayajulikani kwa kuambiwa. Mwanafunzi anapaswa kuyafanya akiwa na mwenzake mzito nyuma, kwanza kwenye lami, halafu kwenye changarawe.

Vyombo vilivyoundwa kwa upande mwingine

Sehemu ninayoiona ngumu kuliko zote ni kumshusha abiria. Kongo tunaendesha mkono wa kulia. India, ambako Bajaj na TVS zinatoka, wanaendesha mkono wa kushoto. Japani, yanakotoka mabasi madogo mengi ya Hiace yaliyotumika, nako ni kushoto. Kwa hiyo tunabeba watu kwa vyombo vilivyofikiriwa kwa barabara iliyo kinyume na yetu.

Chukua mama aliyevaa kitenge, anayekaa upande. Sheria za India zinadai pikipiki iwe na mshikio wa abiria na kikinga cha nguo kwenye gurudumu la nyuma, na kikinga hicho huwekwa kushoto, upande wa mnyororo. Kule, kushoto ni ukingoni mwa njia. Kwetu, kushoto ni katikati ya barabara. Mama akikaa jinsi pikipiki ilivyoundwa, magoti yake yanaelekea magari yanayopishana, na akishuka anakanyaga njia yao. Akigeukia kulia, yuko salama na magari, lakini anakutana na bomba la moshi lenye moto, na alama yake tunaiona kwenye mashavu ya miguu ya watu wengi mjini. Na upande huo hauna kikinga, kwa hiyo ncha ya kitenge inaweza kuingia kwenye spoku.

Motari aliyefundwa ana jibu kwa kila hatari hapo. Kabla ya kuondoka anasema, "Mama, kunja kitenge kwanza, ukikalie," naye anageuka kuhakikisha hakuna ncha inayoning'inia. Wakati wa kupandisha, miguu yake yote miwili iko chini na mkono wake umekaza breki ya mbele, ili pikipiki isisogee abiria akiwa na mguu mmoja hewani. Wakati wa kushusha, anatoka kabisa nje ya njia ya magari, hata kama ni kwenda mita kumi mbele ya mlango aliotajiwa. Anasimama, anatazama nyuma, ndipo anasema, "Sasa shuka." Neno hilo ni lake yeye, abiria asilitangulie.

Kwa Hiace yenye usukani wa kulia tatizo ni lile lile, kubwa zaidi. Mlango wa kusukuma uko kushoto, kwa hiyo abiria wote wanamwagikia barabarani. Konvoyeri, yaani kondakta, hapa anakuwa mlinzi wa mlango: anashuka wa kwanza, anasimama upande yanakotoka magari, ndipo anawatoa watu mmoja mmoja. Dereva naye amekaa upande wa ukingo, hivyo akiwa nyuma ya lori haoni kinachokuja mbele mpaka gari lake limeshajitokeza karibu lote. Dawa yake ni kuacha nafasi kubwa nyuma ya lori ili jicho lione mapema, na kutopita ikiwa haoni. Kubahatisha hapo ni kucheza kamari na roho za watu waliojaa nyuma yake.

Hesabu ya mwendo

Wengi watasema motari anakimbia kwa sababu ya fedha, kwani jioni mwenye pikipiki anadai malipo yake ya siku. Hoja hiyo ina uzito, basi tuipige hesabu. Safari ya kilomita 4 kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa inachukua karibu dakika 5. Kwa mwendo wa 35 inachukua karibu dakika 7. Faida ya kukimbia ni dakika 2, nazo zinaweza kuliwa na msongamano mmoja tu wa njiani.

Sasa tazama gharama. Tuchukue sekunde moja ya kushtuka kabla ya mkono kukamata breki, na breki inayopunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Ukiwa kwenye 35, unasimama ndani ya mita 19 hivi. Ukiwa kwenye 50, unahitaji takriban mita 33. Mtoto aliyekatiza njia mita 25 mbele yako anapona katika mwendo wa kwanza na kugongwa katika wa pili. Dakika 2 hazilingani na hilo.

Majirani walivyofanya

Kenya ilijaribu kuleta nidhamu barabarani kwa sheria. Kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zililazimisha matatu, yaani mabasi madogo ya abiria, kuwa na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa na mikanda kwenye viti vyote, na madereva na makondakta kuvaa sare. Nidhamu ilionekana mara moja, na ikalegea kila usimamizi ulipolegea. Kampala ilijaribu kwa mafunzo: SafeBoda, iliyoanza mwaka 2014, ilimfundisha mwendeshaji usalama wa barabarani na huduma ya kwanza kabla ya kumpa wateja, na ikampa kofia ya ziada kwa ajili ya abiria. Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Ukivuka mpaka kuingia Gisenyi, Rwanda, motari anakupa kofia kabla hujakaa, na abiria hashangai. Shirika la Afya Duniani linasema kofia iliyovaliwa vizuri inapunguza hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74. Faida hiyo inapotea kama kofia inaning'inia kwenye usukani.

Kwetu sheria ipo tangu zamani. Kanuni ya barabara ya Kongo ni sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, na leseni hutolewa kupitia CONADEP, tume ya taifa ya kutoa leseni za udereva. Lakini leseni inathibitisha kwamba mtu anaruhusiwa kuendesha. Haimwambii mama wa Majengo kama mtu huyo amejifunza kumbeba. Pengo hilo linaweza kuzibwa na watu walio karibu zaidi na kazi yenyewe: vyama vya wamotari na wenye pikipiki.

Ninawaomba hivi. Kabla ya kumkabidhi kijana pikipiki ya kazi, mpeni majaribio matatu, mwenzake mzito akiwa amekaa nyuma. Afunge breki kwenye changarawe kutoka mwendo wa 30 bila gurudumu kuteleza. Apandishe na kushusha mtu aliyevaa kitenge, kwa mpangilio nilioueleza. Apite mzunguko wa barabara na njia panda zenye magari bila kuvuka 35. Akishindwa moja, arudi mazoezini, aje tena wiki ijayo. Na pikipiki isitoke nyumbani bila kofia mbili.

Majaribio haya yanahitaji uwanja, pikipiki moja na asubuhi moja. Hayana ada ya shule wala hayasubiri serikali. Nawe abiria una sehemu yako: ukimpata motari anayesimama vizuri na kutazama nyuma kabla hujashuka, chukua namba yake, umwite tena kesho. Wateja wakimchagua huyo, wengine watajifunza kwake.