Kapu la Makaa na Mizani ya Shairi: Castries katika Tungo za Derek Walcott

Castries, mji mkuu wa kisiwa cha Saint Lucia katika bahari ya Karibea, ni bandari isiyo na majengo mengi ya kale ya kumwonyesha mgeni. Tarehe 19 Juni 1948 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji huo, ambao nyumba zake nyingi zilikuwa za mbao. Jina lake ni la waziri wa Kifaransa, lugha yake ya serikali ni Kiingereza, na katika vinywa vya watu imo lugha ya tatu, Kikrioli chenye asili ya Kifaransa. Kwa hesabu iliyozoeleka, Wafaransa na Waingereza walinyang'anyana kisiwa hicho mara 14, hadi Waingereza wakabaki nacho mwaka 1814. Mtu akiuliza urithi wa mji kama huu umehifadhiwa wapi, hana budi kusoma tungo za Derek Walcott, aliyezaliwa humo mwaka 1930, akatunukiwa Nishani ya Nobel ya Fasihi mwaka 1992, na kufariki mwaka 2017.

Walcott alikuwa kijana wa miaka 18 mji ulipoungua. Mwaka huohuo alichapisha kijitabu chake cha kwanza cha mashairi 25, kwa fedha za mama yake, mwalimu na mshonaji aliyeachwa mjane watoto wakiwa wachanga. Humo limo shairi fupi juu ya moto ule. Sisi wa mwambao huu, tuliolelewa na Al-Inkishafi, tunaijua desturi ya kuuimba mji uliokwisha. Lakini Sayyid Abdalla anatazama magofu ya Pate ili auonye moyo wake kwamba dunia haidumu. Kijana wa Castries anatazama majivu, kisha anainua macho kwenye vilima vya kijani na kuona humo imani ikianza upya. Kwa mmoja gofu ni hatima, kwa mwingine jivu ni kiwanja cha kujengea.

Na alijenga. Katika Another Life, utenzi wa maisha yake uliotoka mwaka 1973, anawapanga watu wa mji kwa mfuatano wa alfabeti, kila mmoja na kichekesho chake au msiba wake, na jina la shujaa wa Kiyunani analipewa farasi wa mkokoteni. Wahakiki wengi wameshangilia Uyunani huo. Mimi naona Uyunani ni vazi tu. Aliyevaa ni mtu wa Castries, na laiti tungelivua vazi hilo, mtu angebaki mzima.

Ushahidi mkubwa wa hoja hii umo katika Omeros, iliyotoka mwaka 1990. Bandari ya Castries ilikuwa kituo cha kutilia makaa ya mawe katika meli za mvuke, na waliobeba makaa hayo walikuwa wanawake, makapu vichwani, wakipanda ubao mwembamba hadi melini. Katika utenzi huo, mzimu wa baba unampeleka mshairi bandarini na kumwonyesha wanawake hao. Unamwambia kwamba kazi yake ni kuzipa sauti hatua zao, ubeti ukifuata mwendo wao. Kwa Kiingereza hapa pana mchezo wa neno, kwani kipimo cha mshororo huitwa mguu. Mfasiri wa Kiswahili anaupoteza mchezo huo, ila lugha yetu inamfidia: sisi kipimo chetu ni mizani. Mwanamke aliyesimamisha kapu kichwani pasi na kulishika anaijua mizani kuliko mwanachuoni yeyote. Hata bahari ya beti inatujia bila kigugumizi, maana Omeros imetungwa kwa mishororo mitatu-mitatu, nasi tathlitha si ngeni kwetu.

Hata hivyo, sifa zisitufumbe macho. Omeros inafunguka kwa mvuvi anayewasimulia watalii wenye kamera jinsi miti inavyokatwa kuchongwa mitumbwi, na kwa sarafu za ziada anawaonyesha kovu lake, chini ya mkungu. Mti huo tunao pwani zetu, na biashara hiyo tunayo. Je, mshairi naye hauzi kovu la mji wake kwa wasomaji wa mbali? Walcott hakulikimbia swali. Ndani ya utenzi huohuo anajihoji kama hakuwa akitamani maskini wabaki katika umaskini wao, kwa kuwa umaskini huo ulipendeza katika beti zake. Ni washairi wachache waliothubutu kujishitaki hivyo mbele ya hadhira.

Pale ninapomlaumu ni katika lugha. Wavuvi wake wanaposema Kikrioli, mara nyingi maneno yao hufuatiwa papo hapo na tafsiri. Mgeni anakirimiwa, mwenyeji anakalishwa kibarazani mwa nyumba yake mwenyewe. Yawezekana hapakuwa na njia nyingine kwa mtu aliyetaka kusomwa London na Boston pamoja na Castries. Lakini urithi wa mji si sura za watu na majina ya mitaa pekee. Matamshi yao pia ni urithi, na hayo moto hauyaunguzi, ila aibu huyaua.

Ndiyo maana nashikilia kwamba atakayemfasiri Walcott kwa Kiswahili asiwavalishe wavuvi wale Kiswahili cha vitabu. Msimulizi na aseme Kiswahili sanifu; wavuvi wapewe Kimakunduchi, Kitumbatu au Kipemba, bila maelezo pembeni. Atakayeona ugumu na apate kidogo ugumu ule ambao mvuvi ameuonja kila alipoingia ofisi ya serikali. Tafsiri ya namna hiyo itakuwa inamtendea Walcott haki ambayo Kiingereza chake hakikumruhusu kuitenda, nayo itawakumbusha wasomaji wetu kwamba lahaja za visiwa vyetu zinastahili kuandikwa kabla hazijawa kovu la kuonyeshwa kwa sarafu.