Sukari Juu ya Kigae

Akiletwa mchimbaji aliyefukiwa kwenye duara la mgodi, mama aliyetokwa damu nyingi baada ya kujifungua, au mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, hospitali za Geita na Shinyanga humtegemea mtu ambaye ndugu wa mgonjwa hawamwoni: mtaalamu wa maabara. Namsifu kwa kazi yake ya kupima kundi la damu.

Huweka matone matatu ya damu kwenye kigae cheupe. La kwanza hulichanganya na kitendanishi cha buluu, la pili na cha manjano, la tatu na kisicho na rangi. Hukoroga kwa kijiti, akakiinua kigae na kukiyumbisha taratibu penye mwanga. Damu ya A ikikutana na kile cha buluu, hukatikakatika ikawa vipunje vyekundu. Lakini vipo vipunje hafifu mno, na hapo ndipo jicho lililozoea linapojulikana. Akiharakisha, havioni, akichelewa, tone hukauka pembeni na kumdanganya.

Kinachoshikwa na vitendanishi vya buluu na manjano ni sukari. Chembe nyekundu imefunikwa na nyuzi za sukari zilizopachikwa kwenye protini na mafuta ya utando wake. A na B zinatofautiana kwa sukari moja tu ya mwisho. O haina hata moja kati ya hizo mbili. Karl Landsteiner aliyatambua makundi haya Vienna mwaka 1901, na ilipita nusu karne ndipo Walter Morgan na Winifred Watkins, London, wakaonyesha kuwa siri yake ni sukari.

Jambo dogo hivyo, na linabeba uhai! Katika seli nyingi za mwili, sukari huchangia kuamua kipokezi, yaani protini inayopokea ujumbe, kikae muda gani juu ya utando na kishikwe na nani, hivyo seli ipate ujumbe gani. Mgonjwa wa O akitiwa damu ya A, kingamwili zake huikamata sukari ile moja, zikaamsha protini za ulinzi, na chembe zikapasuka ndani ya mishipa.

Malaria nayo inazijua sukari hizi. Chembe zenye vimelea hujikusanyia chembe za A kwa urahisi kuliko za O, zikaziba vishipa vidogo. Ndiyo maana mwenye O ana nafuu mbele ya malaria kali. Takriban nusu ya Watanzania ni O. Damu yao hutumika kuokoa wengine wakati wa dharura, ilhali wao hupokea ya O tu, kwa hiyo akiba yake huisha upesi. Na mtaalamu, hata lebo ikisomeka vizuri, hulinganisha tena damu ya mfuko na ya mgonjwa kabla ya kuuachia.