Makali ya Chuma Juu ya Barafu

Televisheni inamdhulumu mtelezaji wa barafu. Kamera inamfuata kila anakokwenda, inambakiza katikati ya kioo kutoka ncha moja ya uwanja hadi nyingine, na kasi yake yote inapotea njiani. Aliyeketi nyumbani anaona mikono, vazi linalometameta, mruko na tabasamu. Haoni kwamba mtu huyo amevuka mita 60 hivi kwa kusukuma mara chache tu, wala hasikii chuma kikifanya kazi, kwa kuwa muziki umefunika kila kitu. Ndiyo maana mtu akiniambia mchezo huu haumvutii, namuuliza kwanza kama amewahi kuuona kwa macho yake, ukumbini, akiwa safu za chini.

Maonyesho ninayoyafuata kwa mapenzi zaidi ni ya Stars on Ice, yanayozunguka miji ya Kanada na Marekani wakati wa majira ya kuchipua. Chanzo chake ni Scott Hamilton, Mmarekani aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki kule Sarajevo mwaka 1984. Onyesho kubwa la Ice Capades halikumwongezea mkataba, naye mwaka 1986 akaanzisha ziara yake mwenyewe. Maonyesho ya kale yalitegemea vikaragosi, manyoya na safu ndefu za wachezaji waliovaa sare. Hamilton alitaka kundi dogo la mabingwa, kila mmoja na muziki wake, na barafu tupu. Uamuzi huo wa kuiacha barafu tupu naushukuru kila ninapokata tiketi, maana pasipo mapambo jicho hushuka lenyewe hadi miguuni, na huko ndiko kwenye ufundi.

Chuma cha kiatu cha kutelezea kina unene wa milimita 4 hivi. Upande wake wa chini kimechimbwa mfereji mwembamba kwa urefu wote, na mfereji huo ndio unaokipa makali mawili, ya ndani na ya nje. Tena hakikunyooka. Kimebinuka kidogo, kwa hiyo sehemu ndogo tu ndiyo inayogusa barafu kwa wakati mmoja, na mbele kabisa kuna meno ya kujidunga wakati wa kuruka. Ukisimama wima, makali yote mawili yanagusa, nawe unakwenda mbele tu. Ukiegemea upande, yanabaki makali ya upande mmoja, nayo hukata mviringo. Kadiri mwili unavyolala ndivyo mviringo unavyobana, kama mwendesha baiskeli anayeingia kona kwa kasi na kulaza baiskeli badala ya kugeuza usukani. Aliyewahi kukodi viatu pale Hoteli ya Panari, Nairobi, ambako uwanja wa barafu ulifunguliwa mwaka 2005, anajua jinsi mwili unavyokataa kulala. Unataka kusimama wima na kushika ukuta. Ufundi wote wa mchezo huu umejengwa juu ya kuushinda woga huo, mpaka kulala kuwe ndiko kustarehe.

Na makali yana sauti. Mtu wa kawaida akiteleza, chuma kinakwaruza, na meno yanagongagonga. Bingwa akipita karibu nawe unasikia mpasuko mmoja mzito na mrefu, kama kitambaa kinachochanwa taratibu, halafu kimya kifupi anapobadilisha mguu, halafu mpasuko mwingine. Hakuna mkwaruzo. Baada ya kuusikia mara moja unaweza kufumba macho na bado ukajua nani amelala kwenye makali na nani anategemea meno.

Kurt Browning wa Kanada ndiye aliyenifundisha kutazama hivi. Vitabu vya kumbukumbu vinamtaja kwa mruko wa mizunguko minne aliofanya Budapest mwaka 1988, wa kwanza kutambuliwa rasmi katika mashindano, na kwa ubingwa wa dunia alioutwaa mara 4. Aliendelea na Stars on Ice hadi ziara ya kuaga mwaka 2023, akikaribia kutimiza miaka 57. Mizunguko minne ilikuwa imekwisha miguuni mwake zamani. Kilichobaki ni kikubwa zaidi. Goti linashuka, chuma kinazama, kisha ndani ya eneo la hatua chache anageuka mara tatu au nne, mbele na nyuma, makali ya nje na ya ndani, juu ya mguu uleule, bila kusukuma, na kasi haipungui. Wakati mwingine inaongezeka. Siri iko kwenye goti. Linapokunjuka kwa wakati wake hasa, uzito wa mwili unageuka kuwa mwendo. Huo ndio utamu ambao kamera huupoteza, kwa kuwa inapomweka mtu mzima ndani ya kioo miguu huwa midogo mno.

Browning ni wa kizazi kilicholelewa na maduara. Hadi mwaka 1990 mashindano makubwa yalikuwa na sehemu ambayo mtelezaji alichora duara kwa mguu mmoja, akarudia juu ya alama ileile, na majaji wakasogea kukagua mstari ulioachwa kwenye barafu. Ilikuwa kazi ya saa nyingi kila siku, alfajiri, bila muziki na bila mtazamaji. Televisheni haikuipenda, ikaondolewa. Sidai irudishwe, lakini nasikitika kwamba watoto wengi wa leo wanafika kwenye miruko kabla hawajalala vya kutosha kwenye makali. Aliyenipa matumaini ni Patrick Chan, bingwa wa dunia wa miaka 2011, 2012 na 2013. Alizaliwa mwaka ambao maduara yaliachwa, ila alipokuwa mdogo alifundishwa na mzee Osborne Colson, kocha wa mtindo wa zamani aliyeisisitiza misingi. Matokeo yake unayaona Chan anaposukuma mara moja tu: anakwenda, anakwenda, na wewe unangoja kasi ikatike nayo haikatiki. Tessa Virtue na Scott Moir, mabingwa wa Olimpiki wa dansi ya barafu mwaka 2010 na 2018, walikuwa na makali ya namna hiyo katika miguu minne iliyofungamana, vyuma vikipishana kwa upana wa vidole.

Kuna jambo jingine ambalo mtazamaji wa onyesho hulichukulia kirahisi, nalo ni giza. Kwenye mashindano uwanja mzima unawaka kama mchana kweupe. Kwenye onyesho taa kuu zinazimwa, na mtelezaji anabaki na mwanga unaomfuata. Mwanga huo ukimpiga usoni haoni barafu iliyo mbele yake wala ukuta ulipo. Anayezunguka hewani hupata mwelekeo wake kutokana na vitu vinavyomzunguka, na sasa vimefichwa. Anaruka kwa kumbukumbu ya mwili. Tena wanafanya hivyo mji baada ya mji, barafu ya leo ngumu na ya kesho laini, na chuma kinalazimika kuizoea ile iliyopo.

Halafu ile sehemu ya kundi zima, inayofungua na kufunga usiku. Wengi huitazama kama kitafunio kabla ya chakula. Mimi naiheshimu sana. Kumi au zaidi ya watu waliozoea kuwa peke yao uwanjani, kila mmoja na kocha wake, nchi yake na urefu wake wa mguu, wanatakiwa kulala kwa pembe moja na kufika mahali pamoja kwa pigo lilelile. Wengi wao huzunguka kuelekea kushoto, lakini kundi likiwa na mmoja wa kulia, ramani nzima ya njia zao hupangwa upya ili asimkute mwenzake usoni.

Maonyesho pia yamehifadhi yale ambayo mashindano yaliyafukuza. Pindu la nyuma lilipigwa marufuku baada ya Terry Kubicka kulifanya mwaka 1976, na marufuku hiyo ikaondolewa mwaka 2024 tu. Kwa miaka yote hiyo lilikuwa likiishi kwenye maonyesho. Surya Bonaly wa Ufaransa alilifanya kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 akatua kwa mguu mmoja, akijua halitampa alama, kisha akalipeleka kwenye ziara mahali ambapo watu walisimama kulishangilia. Na kabla yake, Mabel Fairbanks, Mmarekani mweusi aliyefungiwa milango ya mashindano katika miaka ya 1930, alipata riziki na jina kwa maonyesho, kisha akawa kocha wa vizazi vilivyofuata.

Nikirudi kwenye miruko yenyewe: haimo hewani. Hata ile ya mizunguko mitatu hukaa angani kwa muda usiotimia sekunde moja. Kilichotangulia ni makali, na kinachofuata ni makali, yale ya nje, kwa kurudi nyuma, goti likimeza uzito mara kadhaa wa mwili. Kwenye mashindano mtelezaji akitua hana nafasi, kipengele kingine kinamngoja na alama zinahesabiwa. Kwenye onyesho anaweza kutua na kubaki. Mguu huru umenyooka nyuma, mikono imefunguka, na chuma kinaendelea kuchora upinde mrefu hadi karibu na ukuta. Watu hupiga makofi anapogusa barafu. Ningependa wangoje kidogo, maana mpasuko ule mzito ndio unaanza.

Kwa hiyo ukipata nafasi ya kwenda, usikimbilie safu ya kwanza kabisa, kwa sababu kwenye kumbi nyingi ukuta wa pembeni utakuficha miguu. Panda safu chache juu, na chagua kona badala ya katikati. Konani ndipo wanapojikunja kabla ya kurudi, ndipo mwili unapolala zaidi, na viti vyake kwa kawaida ni nafuu.