Sifa za Mkono Uondoao Kutu

Kutu huzaliwa pale chuma kinapokutana na maji na oksijeni kwa pamoja, na chumvi, ingawa si chanzo chake, huyawezesha maji hayo kupitisha umeme mdogo unaoharakisha uharibifu. Ndiyo sababu gari kuukuu lililokaa salama katika ukavu wa Dodoma huanza kuvimba rangi likihamishiwa Tanga, Mombasa au Unguja. Uvimbe huo nao una maelezo yake, kwani kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huisukuma rangi kutoka chini, na mwenye gari anapoona lengelenge dogo mlangoni, ugonjwa huwa umekwisha kuenea ndani.

Land Rover za zamani huonesha jambo hili waziwazi. Gari hilo lilipozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa bado kikitolewa kwa mgao nchini Uingereza kutokana na vita, kwa hiyo bodi yake iliundwa kwa aloi ya alumini, na chuma kikabaki hasa kwenye chasi na kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Kutoka hapo ikaenea imani kwamba gari hilo haliozi, imani iliyowagharimu wengi, maana chasi yake ni mihimili yenye uwazi ndani, ambamo tope na maji ya chumvi hukaa pasipo kuonekana. Hata alumini haisalimiki: inapogusana na chuma penye unyevu wa chumvi, metali hizo mbili hufanya kazi kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa, ikabaki unga mweupe kandokando ya ribiti.

Ufundi wa kutibu maradhi haya huanza kwa sikio. Fundi bodi hodari hugonga chasi kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, akisikiliza mahali ambapo mlio mkali wa chuma kizima unafifia na kuwa mzito, kisha huchokoa hapo kwa bisibisi, akakata bati lote bovu mpaka afikie chuma safi kinachoweza kuchomelewa kiraka. Hapa ndipo uadilifu wake hupimwa, kwa kuwa puti, yaani ule ujiuji unaogandishwa ili kusawazisha bodi, ingeweza kuziba tundu hilo kwa saa moja na kumridhisha mteja. Lakini puti hufyonza unyevu, na kuipaka juu ya kutu ni kufunga kidonda kilicho na usaha. Kazi njema kuliko zote katika ufundi huu hufunikwa kwa rangi, na haitazamwi tena na mtu yeyote, jambo linalostahili heshima kubwa kuliko linayopewa kwa kawaida.

Kutu nyembamba, ikishasuguliwa kwa brashi ya waya, hutibiwa kwa dawa yenye asidi ya fosforiki, inayoigeuza kuwa fosfeti ya chuma, au yenye tanini, inayoifanya tabaka jeusi lenye ubuluu na linaloshika rangi vizuri. Tanini, inafaa kukumbuka, ndiyo iliyofanya maganda ya mikoko ya Rufiji na Lamu yatafutwe kwa ajili ya kudabaghi ngozi, hivi kwamba ukanda uleule unaoleta chumvi umebeba pia kitu cha jamii ya dawa yake. Penye chuma kilichobaki kitupu na safi hupakwa praima ya zinki, metali ambayo hukubali kuliwa kwanza ili chuma kisalimike.

Kinga inahitaji subira zaidi kuliko tiba. Oili chafu inayopakwa chini ya magari ni rahisi kupatikana, lakini hulainisha bushi za mpira, hunasa vumbi na kudondokea udongoni. Nta inayopulizwa ndani ya mihimili ni bora zaidi, mradi ndani pawe pasafi. Kwa hiyo kabla ya masika fundi hulala chali chini ya gari na kipande cha waya, akazibua matundu ya kutolea maji moja baada ya jingine, tope likamwangukia kifuani, kisha akaingiza maji baridi yasiyo na chumvi mpaka yatoke meupe katika tundu la mwisho, akaliacha gari likauke juani siku nzima ndipo ashike bomba la nta.