Fomu Haina Nafasi ya Kitambaa

Fiziotherapia inapenda vipimo: bega limepanda digrii ngapi, umetembea mita ngapi kwa dakika 6. Sawa, mtu apimwe. Lakini Maurice Merleau-Ponty, kwenye Phénoménologie de la perception (1945), amenifanya nizitilie shaka hizo namba. Anamjadili Schneider, mwanajeshi Mjerumani aliyeumia ubongo vitani. Mwambie aonyeshe pua yake kwa kidole, anakwama. Mbu amuume, mkono unafika penyewe palipouma. Mkono ni uleule. Kilichobadilika ni sababu ya kuusogeza.

Hapo ndipo nilimwelewa shosho. Tangu apate kiharusi, kliniki wakimwambia “inua mkono,” anafika nusu, basi. Nyumbani mkono huohuo unafika kichwani, anafunga kitambaa chake. Hicho kwenye fomu hakuna mahali pa kukiandika.

Ila Merleau-Ponty naye ananiudhi kidogo. Anategemea ripoti za Gelb na Goldstein, na kurasa nyingi Schneider ni hoja tu, si mtu. Kuna mahali anamtaja akiwa kazini, akikata ngozi na kushona pochi, mikono haigomi. Halafu falsafa inaendelea, na mimi bado nataka kuziona hizo pochi.