Mwanya Kati ya Mbao: Kuisoma Sakafu ya Nje Kakamega

Sakafu ya mbao isiyo na paa ni umbo geni Kakamega. Veranda tuliyoizoea huku ni ya simenti, imepakwa rangi nyekundu na kusuguliwa ikang'aa, ina mwinamo mdogo wa kumwagia maji uani, na mabati yamenyooka juu yake. Hata katika nyumba za Rondo, ndani ya Msitu wa Kakamega, kwenye makazi ya zamani ya mwenye kiwanda cha kupasua mbao, veranda zimefunikwa. Kazi nzito hubebwa na paa. Liondoe, na utanzu wote unabadilika: kila ubao unaikabili mvua peke yake, na ya huku hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi yake ikimwagika alasiri juu ya mbao zilizochomwa na jua tangu asubuhi.

Kwa hiyo naisoma sakafu ya namna hii kuanzia pale pasipo na mbao, yaani kwenye mwanya. Ubao ukilowa hunenepa kwa upana. Kwa urefu haubadiliki sana. Mafundi hupima nafasi kwa kusimamisha msumari wa inchi nne kati ya ubao na ubao, na kipimo hicho kina akili kuliko katalogi nyingi, mradi mbao ziwe zimekauka. Mbichi zilizotoka msumenoni wiki hiyo hiyo zitasinyaa, na mwanya utapanuka hadi umeze kisigino cha kiatu. Upana nao unasema. Ubao wa inchi nane huvutia dukani, lakini ukishalowa na kukauka mara kadhaa hupinda ukawa bakuli, maji yakatuama katikati. Wa inchi nne hupinda kidogo tu, tena mistari mingi ya kivuli huliongoza jicho kuelekea bustanini. Hapo uzuri na uimara vimetokana na uamuzi mmoja, jambo ambalo ni nadra.

Kuhusu mbao zenyewe, mvule ungemaliza mjadala, kwa kuwa mchwa huushindwa moyo wake. Lakini mvule ni haba, na anayekuuzia bila kibali anakuuzia kesi. Kinachopatikana ni mkaratusi na saiprasi za mashambani. Saiprasi imenyooka na hupokea msumari bila ugomvi, ila ni laini, na vifundo vyake hutoka. Mkaratusi ni mgumu lakini una hasira: hujisokota na kupasuka ncha. Zote mbili zahitaji dawa ya shinikizo, ile inayozipa nguzo za umeme rangi ya kijani. Dawa iliyozoeleka ina shaba, kromiamu na arseniki. Marekani watengenezaji waliiondoa kwenye mbao za makazi mwishoni mwa 2003, kwa hiyo uliza kilichotumika kabla mtoto hajaketi hapo. Dawa pia haifiki kiini chote. Fundi akikata ubao baada ya kutibiwa, amefungua mlango, na ncha hiyo lazima ipakwe upya.

Kisha kuna mbao za plastiki iliyochanganywa na unga wa mbao. Hapa nina ugomvi. Hupigwa chapa ya nyuzi za mti, ilhali mwenendo wake ni kinyume: joto huzirefusha, kwa hiyo nafasi kubwa hutakiwa kwenye ncha. Anayezilaza kama mbao kwa kuwa zinafanana na mbao ataziona zikivimba na kusukumana mwezi wa Februari. Umbo limemdanganya mjenzi. Nguzo za plastiki iliyorejelewa, zile za ua, hazijifanyi kitu kingine, na mchwa hawazigusi. Lakini zikilazwa kama boriti hubonyea polepole chini ya uzito. Mifuo inayochongwa juu ya ubao eti izuie utelezi nayo siikubali. Huku Kakamega mifuo hiyo hujaa uchafu na ukijani, ikateleza kuliko ubao uliorandwa vizuri.

Hukumu yangu: vikingi vifupi vya zege viinue boriti juu ya udongo, juu yake mkaratusi mkavu uliotibiwa, wa inchi nne, uso laini, skrubu badala ya misumari. Na kabla ya kulipa, muulize muuzaji mbao zimelala stoo muda gani. Akisita, tafuta mwingine.