Baina ya "Weka" na "Iwepo"

Wahakiki wetu wamezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na mashairi, na hilo ni jema. Lakini yako maandiko mengine yasiyohesabiwa kuwa fasihi, ilhali yanatawala maisha ya watu kuliko riwaya yoyote: andalio la somo, waraka wa serikali, cheti cha dawa, na siku hizi maagizo yanayoandikwa ili kompyuta isimikiwe programu zake bila mtu kukaa mbele yake. Katika kurasa hizi nakusudia kuyahakiki maandiko ya aina hii ya mwisho, kwa kipimo kilekile nilichotumia miaka mingi kupimia maandalio ya walimu wanafunzi. Je, linasomeka? Je, mwalimu mwingine akiingia nalo darasani, somo litakwenda? Je, mwandishi anajua kwa nini ameandika alichoandika?

Msomaji asiye mtu wa kompyuta asiogope. Seva ni kompyuta inayowatumikia wengi kwa wakati mmoja, nayo aghalabu imefungiwa chumbani, haina kioo wala mtu. Programu inayotumikia watu imeandikwa kwa lugha fulani, tuseme Java au Python. Seva mpya haizijui lugha hizo. Lazima kwanza iwekewe programu mwenyeji, yaani ile inayoisoma lugha na kuitenda, mfano wa mkalimani. Kisha huja vifurushi, ambavyo ni vipande vya programu vilivyoandikwa na watu wengine kwa kazi ndogondogo; na kila kifurushi chaweza kudai vifurushi vingine. Mwito mmoja wa fundi waweza kuleta mamia ya vifurushi kutoka kwa watu asiowafahamu.

Pengine mtu atauliza, yanatuhusu nini haya sisi wa Uyui? Yanatuhusu sana. Muuguzi wa zahanati hupiga tarakimu zake katika vitabu vya MTUHA: watoto waliochanjwa, wajawazito waliohudhuria kliniki, wagonjwa wa malaria. Tarakimu hizo huishia katika mfumo uitwao DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na Wizara ya Afya ya nchi yetu pamoja na nchi nyingine nyingi. Mfumo huo umeandikwa kwa Java, na hauendi bila mkalimani wake, wala si mkalimani yeyote: toleo la 2.41 linadai Java 17. Umpe mkalimani wa zamani, nao hautaamka. Basi hesabu ya mtoto aliyechanjwa Kigwa inategemea fundi fulani, mahali fulani, kuwa ameweka kitu sahihi kwa namna sahihi.

Zamani fundi alikuwa akiweka kwa mkono. Aliketi, akaandika agizo la kwanza, akangoja, akaandika la pili. Wako wanaoisifu njia hiyo, wakisema kwamba mkono hufundisha akili. Siikatai hoja hiyo kwa mwanafunzi. Mwanafunzi na aweke kwa mkono, tena mara nyingi. Lakini kwa ofisi ya umma naikataa. Katika utumishi wetu kuna kitu kiitwacho uhamisho. Fundi aliyeweka seva mwaka huu, mwaka ujao yuko Katavi au Mtwara, na yote aliyoyajua ameondoka nayo kichwani. Ofisi hubaki na mashine inayofanya kazi isiyojulikana imefanywaje, na siku ikifa hakuna wa kuifufua. Kwa hiyo maagizo yaliyoandikwa ni ukombozi, kama vile andalio lilivyo ukombozi kwa mwalimu anayekuja kushika darasa la mgonjwa.

Tukishakubali hayo, swali linakuwa: yaandikwe vipi? Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapokuwa na la kusema, kwa sababu tofauti kubwa baina ya aina mbili za maagizo haya ni tofauti ya sarufi.

Aina ya kwanza imeandikwa kwa hali ya kuamuru. Weka Java. Ongeza mstari huu katika faili ile. Anzisha huduma. Mashine hutii agizo moja baada ya jingine, kama mtoto anayetumwa. Ubaya wake huonekana maagizo yakirudiwa. Ukimwambia mtoto "tia chumvi kwenye mboga" mara mbili, atatia mara mbili, na mboga haitalika. Vivyo hivyo mashine itaongeza mstari uleule mara ya pili katika faili ileile, na fundi atashangaa kwa nini huduma imeharibika ilhali agizo lilikuwa sahihi.

Aina ya pili imeandikwa kwa dhamira tegemezi. Haisemi "weka", yasema "iwepo". Java iwepo. Mstari huu uwemo katika faili. Huduma iwe imeanza. Mashine hutazama kwanza: ikiwa hali imekwisha timia, haigusi kitu, ikiwa haijatimia, hutenda mpaka itimie. Ukirudia mara kumi, matokeo ni yaleyale. Chombo mashuhuri cha aina hii ni Ansible, kilichoanzishwa na Michael DeHaan mwaka 2012; jina lake limetoka katika riwaya ya mwaka 1966 ya Ursula Le Guin, mwandishi wa Marekani, aliyebuni chombo cha kupelekea habari papo hapo kati ya nyota na nyota. Mafundi wa DHIS2 nao wana maagizo ya Ansible ya kusimika mfumo wao. Nayahesabu maandiko ya namna hii kuwa bora kuliko yale ya kwanza, kwa sababu yanataja lengo, na ualimu mzima umejengwa juu ya kutaja lengo kabla ya kutaja tendo.

Kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ni fundi katika ofisi moja ya umma, aliniletea maagizo ya ofisi yake yaliyochapwa katika karatasi nne. Nilimwomba anieleze mstari baada ya mstari. Sarufi ilikuwa ile njema, ya "iwepo". Lakini mahali fulani mwandishi aliacha kusema "iwepo" akasema "iwe ya mwisho kutoka". Nikamuuliza: ya mwisho kutoka lini? Akacheka, akaniambia kwamba hilo ndilo lililowatesa. Seva iliyowekwa Januari na seva iliyowekwa Juni, kwa karatasi zilezile, zilikuwa seva mbili tofauti, na ya pili haikuweza kuendesha programu yao.

Hilo ndilo kosa la kwanza la maandiko haya, na limeenea mno. Neno "ya mwisho" halina maana moja. Maana yake hubadilika kila siku, kama neno "kesho". Mwandishi anayelitumia ameandika andalio lisemalo "fundisha kitabu chochote kitakachokuwa dukani". Dawa yake inajulikana: taja toleo kwa tarakimu, na kwa kila kifurushi taja pia ile namba ndefu inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake. Herufi moja ikibadilika ndani ya kifurushi, namba nayo hubadilika, na mashine hukataa kukipokea.

Kosa la pili ni kutegemea ghala la mbali. Mwezi Machi 2016 mwandishi mmoja wa programu aligombana na wasimamizi wa ghala la vifurushi liitwalo npm kwa sababu ya jina la kifurushi, akaondoa vifurushi vyake vyote. Kimojawapo, left-pad, kilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ilikuwa kujaza nafasi upande wa kushoto wa maneno. Kilipotoweka, kazi za kusimika programu zilikwama katika makampuni makubwa duniani, mpaka wasimamizi walipokirudisha baada ya saa chache. Mistari 11! Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeiandika kabla ya kengele ya mapumziko.

Kwetu sisi ghala la mbali lina hatari ya ziada. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika katika maji ya kusini mwa Afrika, na mtandao ukazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwa jirani zetu wengine. Wengi walilalamika kwamba simu hazifunguki. Fikiri sasa juu ya ofisi ambayo seva yake imekufa juma hilohilo. Maagizo yapo, yameandikwa vizuri, matoleo yametajwa kwa tarakimu. Lakini kila mstari wasema "kachukue ng'ambo", na njia ya ng'ambo imefungwa. Ingefaa ghala liwepo hapa nchini, na nakala ya vifurushi vinavyohitajika iwemo katika kabati la ofisi yenyewe. Wala si jambo gumu. Mfumo wa Debian, ulioanzishwa mwaka 1993, huruhusu mtu yeyote kunakili ghala lake lote. Na waandaaji wa Ubuntu, hadi mwaka 2011, walikuwa wakimpelekea yeyote aliyeomba sahani za CD kwa posta bila malipo. Aliyekuwa na sahani hizo hakuhitaji waya wa bahari.

Watu wa hapa Kigwa wanapaswa kulielewa jambo hili bila kuelezwa mara mbili. Misafara ya pwani ilipita hapa ikikaribia Unyanyembe. Burton alipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Kila mpagazi alibeba mzigo wake wa nguo, ushanga au nyaya za shaba, na aliyeko bara aliishi kwa kutegemea kwamba kilichofungwa Unguja ndicho kitakachofunguliwa Ujiji. Oktoba 1871 Livingstone alifika Ujiji akiwa hoi, akitumaini kukuta bidhaa alizoletewa kutoka pwani. Akakuta zimekwisha: aliyekabidhiwa alikuwa ameziuza. Njia ilikuwa ileile, mizigo ilifungwa vizuri, idadi iliandikwa. Kilichokosekana ni uaminifu wa mkono mmoja katikati. Mwaka uliofuata alikaa Kwihara, karibu na Tabora, tangu Machi hadi Agosti akiwangoja watu ambao Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani. Hao walifika, na walikuwa watu wa aina nyingine: alipofariki mwaka 1873, wao pamoja na watumishi wake wa zamani waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo.

Nimeileta historia hii kwa sababu ya kosa la tatu, lililo kubwa kuliko yote: kudhani kwamba kuthibitisha mzigo ni sawa na kumjua aliyeufunga. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa kampuni ya Microsoft, alitangaza kwamba matoleo mawili ya programu ya kubana mafaili iitwayo xz, yaani 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa na mlango wa siri wa kuingilia seva. Aligundua kwa sababu kuingia katika mashine yake kulichelewa kwa takriban nusu sekunde, naye hakukubali kuipuuza nusu sekunde hiyo. Aliyeupachika mlango huo alitumia jina la Jia Tan, na kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa amefanya kazi njema mpaka akakabidhiwa usimamizi wa programu. Hila yenyewe ilikamilika katika ufungaji: kifurushi kilichotolewa hakikuwa sawasawa na maandishi yaliyowekwa hadharani watu wayasome. Kufuli ya namba niliyoisifu hapo juu isingesaidia hapa, kwani namba ingethibitisha kwa uaminifu kabisa kwamba sumu ni ileile iliyokusudiwa. Tena waliodai "ya mwisho" daima wangekuwa wa kwanza kuinywa. Matoleo imara ya Debian, yasiyokimbilia upya, hayakuguswa.

Kutokana na hayo sisemi tuache kutumia vifurushi vya watu. Hakuna taifa wala kampuni iandikayo kila kitu peke yake. Nasema kwamba mwandishi wa maagizo awajibike kwa kila jina aliloliandika: akiulizwa "hiki ni cha nini, nani anakitunza", awe na jibu; na asipokuwa na jibu, akiondoe. Katika zile karatasi nne tulikuta vifurushi vitatu ambavyo kijana wangu hakujua vinafanya kazi gani. Vilinakiliwa kutoka kwa mtu aliyevinakili kwa mtu mwingine. Mwalimu mwanafunzi akiniletea andalio lenye zana asizojua matumizi yake, humrudishia.

Liko jambo la mwisho, nalo ni la lugha. Maagizo yale yalikuwa na maelezo machache pembeni, yote kwa Kiingereza, na yote yalieleza kile ambacho mstari ulikwisha kukisema. Hapana mahali palipoandikwa kwa nini. Kwa nini toleo hili na si lile? Kwa nini huduma hii ianze baada ya ile? Sababu ndiyo inayoondoka na fundi anapohamishwa, na sababu haina budi kuandikwa kwa lugha ambayo atakayemrithi anafikiria kwayo. Lugha yetu haishindwi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikwisha tafsiri programu nzima ya ofisi, Jambo OpenOffice, mwaka 2004.

Hukumu yangu basi ni hii. Maagizo ya "iwepo" ni andiko jema, na kila ofisi ya umma iyadai. Lakini yasipokelewe mpaka yametaja matoleo kwa tarakimu, yamewekewa ghala la karibu, yameeleza sababu kwa Kiswahili, na yamejaribiwa na mtu mwingine, kwenye mashine tupu, waya wa mtandao wa nje ukiwa umechomolewa na mwandishi akiwa nje ya chumba. Mtihani huo ni mkali, nao hugharimu siku moja tu ya kazi. Yakishindwa, arudishiwe mwandishi ayasahihishe.